USHURU WA MADUKANI NA MANUNG'UNIKO YA WANUNUZI

Maneno ya Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, yamechapishwa kwa agizo la Halmashauri



Halmashauri imeniagiza niseme machache juu ya jambo ambalo mwaka huu limeleta maneno mengi katika chama chetu kuliko jambo jingine lolote lililoandikwa katika daftari la mikutano. Jambo lenyewe ni ushuru unaotozwa madukani, yaani ushuru wa ziada ya thamani, ambao watu wote wauita kwa herufi zake tatu: VAT. Wazee wangu, sikusimama hapa kuwafundisha ninyi mlionilea. Mimi ni karani, na kazi ya karani ni kuyaweka maneno na hesabu mahali pake ili wenye hekima wapate kuamua. Kuuliza si ujinga, na wengi wenu mmeuliza. Haya ndiyo majibu niliyoweza kuyakusanya.

Kwanza niwakumbushe tulikotoka. Wazee wetu waliijua kodi yenye uso. Kodi ya nyumba ilianza kutozwa katika nchi hii mwaka wa 1901, na sheria ya mwaka wa 1910 ikaweka pamoja kodi ya nyumba na kodi ya kichwa. Kodi ile ilikuja na karani mezani na askari mlangoni. Mtu aliitwa kwa jina lake, akatoa fedha, akapewa karatasi, na karatasi ile aliitunza, kwa sababu akiipoteza aliweza kutozwa mara ya pili au kufungwa. Ilikuwa kodi chungu, lakini hakuna aliyekuwa na shaka kwamba ameilipa, ni kiasi gani, na kwa nani.

Ushuru wa dukani hauna uso. Huingia nyumbani ndani ya kikapu. Katika nchi yetu ushuru wa mauzo ulianza mwaka wa 1973, na mwezi wa Januari 1990 mahali pake pakachukuliwa na huu wa ziada ya thamani, ambao mfano wake wa kwanza ulifanywa na Wafaransa mwaka wa 1954. Sheria tunayoifuata sasa ni ya mwaka wa 2013. Mtoto anayetumwa sabuni huulipa. Bibi kizee asiyekuwa na mshahara wala shamba la kuuza huulipa. Wengi huulipa bila kujua, na wengine hudhani wameulipa pale ambapo hawakuulipa. Hapo ndipo manung'uniko yanapozaliwa.

Nimeyapanga manung'uniko niliyoyasikia katika mafungu matatu. La kwanza ni la watu wasioielewa risiti. La pili ni la watu wanaodhani kuwa mwenye duka ndiye aliyeupandisha au kuuweka ushuru. La tatu ni la watu waliotozwa fedha kwa jina la ushuru na muuzaji asiyekuwa na haki ya kutoza, au anayetoza lakini hataki kuandika. Haya matatu si mamoja, wala hayana mlango mmoja. Tukiyachanganya, tutamtukana mwenye duka asiye na kosa, na mwenye kosa tutampita tukimsalimu.

Nianze na risiti. Mama mmoja wa chama hiki aliniletea karatasi ya dukani akiwa na hasira, akisema ameibiwa. Nitaitaja hesabu yake kwa tarakimu rahisi ili kila mtu aifuate. Alinunua unga wa mahindi wa shilingi 180, mkate wa shilingi 70, sabuni ya shilingi 116, mafuta ya kujipaka ya shilingi 232, na mafuta ya kupikia ya shilingi 348. Chini pakaandikwa jumla, shilingi 946. Na chini ya jumla pakaandikwa tena: VAT, shilingi 96. Mama akasema, "Wamenitoza 946, kisha wakaniongezea 96."

Dawa ya shaka hii ni kuzijumlisha bei za vitu wewe mwenyewe. Unga na mkate ni 250. Sabuni na yale mafuta mawili ni 696. Mbili hizi pamoja ni 946, wala haizidi hata senti moja. Na fedha alizotoa mkononi mwake ni hizo hizo 946. Maana yake, zile 96 hazikuongezwa. Zilikuwamo ndani ya bei tangu bidhaa zilipokuwa rafuni. Mashine imezitaja tu chini ili ijulikane ni sehemu gani ya fedha itakayokwenda Serikalini. Mama huyo hakuibiwa. Alionyeshwa kitu ambacho siku zote alikuwa akikilipa bila kukiona.

Mzee mwingine akauliza, "Ikiwa ushuru ni asilimia 16, mbona asilimia 16 ya 946 si 96?" Swali hili ni la mtu mwenye akili, na lina majibu mawili. Jibu la kwanza: si kila kitu kikapuni hutozwa. Unga wa mahindi na mkate wa kawaida vilitiwa katika kiwango cha sifuri na Sheria ya Fedha ya mwaka wa 2017, kwa hiyo mnunuzi haongezewi kitu juu yake. Keki hutozwa, ingawa imetoka katika tanuri moja na mkate. Mahindi, maharagwe na viazi vitokavyo shambani bila kusindikwa vimesamehewa. Ndiyo sababu kando ya kila kitu kwenye risiti nyingi huwekwa herufi ndogo, na chini ya risiti huelezwa herufi ipi ni ya kiwango kipi. Herufi hizo si mapambo. Zitazameni.

Jibu la pili ni la hesabu. Asilimia 16 huhesabiwa juu ya bei ya kitu kabla ya ushuru, si juu ya bei nzima. Kitu cha shilingi 100 huongezwa 16, kikawa 116. Basi ukitaka kujua ushuru uliomo ndani ya bei nzima, usichukue asilimia 16 ya bei hiyo, maana utapata zaidi ya haki. Gawanya bei nzima kwa 29, kisha zidisha kwa 4. Jaribuni kwa zile 696: gawanya kwa 29, utapata 24, zidisha kwa 4, utapata 96. Ndiyo hesabu ya risiti ya mama yetu. Naomba walimu waliomo humu wawafundishe watoto kanuni hii. Mtoto ajuaye kugawanya kwa 29 atailinda fedha ya nyumba yao kuliko mbwa mkali.

Sasa nije kwenye fungu la pili, yaani la wanaomlaumu mwenye duka kwa ushuru wenyewe. Wako wanaosema kwamba ushuru hulipwa mara tatu: kiwandani, kwa muuzaji wa jumla, na dukani. Ingekuwa hivyo, tungekuwa na haki ya kulia. Lakini sivyo, na nitawaonyesha kwa mfano wa sanduku moja la sabuni.

Kiwanda kinamwuzia muuzaji wa jumla sanduku kwa shilingi 1,000, na juu yake ushuru wa shilingi 160. Kiwanda kinapeleka 160 Serikalini. Muuzaji wa jumla anamwuzia mwenye duka kwa 1,200, na ushuru wa 192. Lakini yeye hapeleki 192. Anatoa zile 160 alizokwisha kulipa kiwandani, anapeleka 32 tu. Mwenye duka, ikiwa naye ameandikishwa, anawauzia wanunuzi kwa 1,500, na ushuru wa 240. Anatoa 192 alizokwisha kulipa, anapeleka 48. Jumlisheni: 160, na 32, na 48. Ni 240. Ndizo zile zile walizolipa wanunuzi wa mwisho. Kila mmoja njiani amepeleka ushuru wa thamani aliyoiongeza yeye, na ndiyo maana ya jina lake. Lakini kila mmoja alirudishiwa na aliyemfuata, isipokuwa mtu mmoja tu, ambaye hana wa kumfuata. Huyo ni mnunuzi wa nyumbani, mwenye kwenda kuoga kwa ile sabuni.

Kwa hiyo tulijue jambo hili na kulishika: ushuru huu haulipwi na duka. Hulipwa na mnunuzi. Mwenye duka ni mchukuzi tu, aliyekabidhiwa fedha ya umma njiani, naye ana wajibu wa kuifikisha kila mwezi, kabla au siku ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mchukuzi hatukanwi kwa uzito wa mzigo asioupakia yeye. Lakini mchukuzi akifungua mzigo njiani na kula, huyo ni mwingine, nasi tutamfikia.

Wako pia wanaosema, "Mimi sinunui kwenye supamaketi, nanunua kwa jirani mwenye kibanda, kwake hakuna VAT." Ndugu zangu, huko pia upo, ila umejificha. Sheria inamlazimu kujiandikisha mfanyabiashara ambaye mauzo yake ya bidhaa zenye kutozwa yamefika shilingi 5,000,000 katika miezi 12. Jirani yetu mwenye kibanda hajafika hapo, naye hatozi VAT. Lakini sabuni yake aliinunua kwa muuzaji wa jumla aliyeandikishwa, akalipa ushuru, na kwa kuwa hakuandikishwa hawezi kuudai urudi. Atafanya nini? Atauweka ndani ya bei yake bila kuutaja. Hatendi ubaya, asipofanya hivyo atafilisika. Basi msimsifu kwamba hana ushuru, wala msimtukane kwamba bei yake ni kubwa. Na tena msiuchanganye huu na ushuru wa soko ambao akina mama hulipa asubuhi kwa mkusanyaji wa Kaunti ili wapate kupanga bidhaa zao. Huo ni mwingine kabisa, una risiti yake na mwenyewe wake.

Sasa, Bwana Mwenyekiti, mtu aweza kuniuliza: "Karani, je, wewe umesimama kuutetea ushuru?" La. Ninasema tu kwamba anayelalamikia ukubwa wa ushuru asilalamike kaunta. Yule kijana wa mashine hakutunga sheria. Katiba yetu ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 210, inasema kwamba hakuna kodi itakayotozwa wala kusamehewa wala kubadilishwa isipokuwa kwa sheria. Sheria hutungwa na Bunge, na Bunge limejaa watu tuliowapigia kura. Kifungu cha 201 kinataka watu washirikishwe katika mambo ya fedha ya umma. Kila mwaka, Mswada wa Fedha ukiisha kupelekwa Bungeni, kamati ya Bunge hualika maoni ya wananchi, kwa barua na kwa mdomo. Chama kama hiki chaweza kuandika. Makatibu wa vyama wanajua kuandika barua za rambirambi na za harusi. Na waandike na hizi.

Wala msidhani kwamba sauti za watu hazina kazi. Katika Mswada wa Fedha wa mwaka wa 2024 lilikuwamo pendekezo la kuutoza mkate wa kawaida asilimia 16. Watu walipiga kelele nchi nzima, na mwezi wa Juni pendekezo hilo likaondolewa. Baadaye mwezi huo huo, baada ya maandamano makubwa ambayo ndani yake vijana walipoteza maisha yao, Rais alikataa kuutia sahihi mswada wote. Jambo hili silitaji kwa furaha. Nalitaja ili tujue kwamba neno lililosemwa mapema, mahali pake, kwa utaratibu, ni bora kuliko neno lililochelewa mpaka likadaiwa kwa damu.

Na yako mambo ya haki ya kusemwa huko. Ushuru wa bidhaa humwangukia maskini kwa uzito kuliko tajiri. Wote wawili hulipa shilingi 16 juu ya sabuni ya shilingi 100. Lakini maskini hutumia dukani karibu kila senti aipatayo, na tajiri hutumia sehemu tu, nyingine akaiweka akiba. Ndiyo sababu vyakula kama unga na mkate vilitengwa. Kila mara kiwango au orodha hiyo inapotaka kubadilishwa, yatupasa kuwa macho. Tumeona kiwango kikishuka kutoka 16 hadi 14 tarehe 1 Aprili 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, na kurudi 16 tarehe 1 Januari 2021. Tumeona mafuta ya taa na ya magari yakianza kutozwa mwezi wa Septemba 2018, kiwango kikapunguzwa kuwa 8, kisha kikapandishwa kuwa 16 tarehe 1 Julai 2023. Nauli na bei ya kubeba magunia hufuata nyuma ya mafuta. Kwa hiyo anayeuliza, "Mahindi yamesamehewa, mbona yamepanda?" aangalie na gari lililoyaleta.

Sasa nafika kwenye fungu la tatu, ambalo ndilo zito, kwa sababu limegusa heshima ya watu wa chama hiki. Mwaka huu tulinunua mabati ya kuezekea nyumba ya shule ya watoto wadogo. Mweka Hazina na wazee wawili walikwenda kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Duka sitalitaja. Muuzaji aliwapa bei mbili. Alisema, "Bila risiti ni 50,000. Mkitaka risiti ongezeni VAT, iwe 58,000." Wajumbe wetu wakalipa 58,000 wakaleta risiti. Habari ikaenea kijijini kwamba mabati yale yale mtu mwingine aliyapata kwa 50,000. Neno likazunguka kwenye makanisa, misikitini na kwenye vibanda vya chai, kwamba shilingi 8,000 zimeliwa. Mzee mmoja aliyekwenda katika safari ile, mtu wa umri wa baba yangu, aliacha kuhudhuria mikutano miezi miwili kwa aibu ya maneno hayo.

Nimepewa ruhusa na Halmashauri kusema wazi. Risiti ya mabati iko mezani hapa mbele, na kila mwanachama aweza kuishika. Inasema: bei 50,000, VAT 8,000, jumla 58,000. Zidisheni 50,000 kwa 16 mgawanye kwa 100, mtaona ni 8,000 kamili. Chini yake iko alama ya mraba yenye nukta nukta. Nimeipiga kwa simu mbele ya wakaguzi wetu wa hesabu, na ukurasa wa Mamlaka ya Mapato ya Kenya, yaani KRA, ukaionyesha risiti hiyo hiyo, kwa kiasi hicho hicho. Hakuna senti iliyoliwa na mtu wa chama hiki.

Lakini swali labaki: yule aliyepata kwa 50,000 alipataje? Muuzaji aliyeandikishwa hana mauzo ya aina mbili, moja yenye ushuru na nyingine isiyokuwa nao. Kila bati analouza lina ushuru, akiandika asiandike. Akipokea 50,000 bila kuandika, sheria huhesabu kwamba ndani ya 50,000 hizo mna ushuru wa shilingi 6,896 na senti 55. Ikiwa haupeleki, basi ameficha mauzo. Mnunuzi hudhani amesamehewa, kumbe amesaidia kuficha. Na siku bati linapovuja, hana karatasi ya kumwambia muuzaji, "Nilinunua kwako." Wala mweka hazina wa chama hawezi kusimama mbele yenu na kusema fedha zenu zilikwenda wapi. Wahenga wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Chama kinachonunua bila risiti ili kuokoa 8,000 kitapoteza imani ya wanachama wake, na imani haiuzwi dukani kwa bei yoyote.

Pia liko kosa la namna nyingine: muuzaji asiyeandikishwa kabisa anayesema, "Ongeza VAT." Huyo hana ruhusa, na fedha anazozitoza kwa jina hilo haziendi popote isipokuwa mfukoni mwake. Twamjuaje? Aliyeandikishwa anapaswa kuwa na cheti chake mahali panapoonekana. Risiti yake huwa na namba yake ya PIN, na namba hiyo yaweza kuangaliwa katika mtandao wa KRA, ukaonyesha kama ameandikishwa kwa VAT au la. Kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa mkono "VAT 16%", bila PIN na bila alama ya mfumo wa eTIMS, si ushahidi wa ushuru.

Na kwa kuwa nimetaja PIN, niondoe hofu moja. Kijana wa kaunta akikuuliza namba yako ya PIN, hakutafuti makosa. Anayenunua kwa matumizi ya nyumbani halazimiki kuitoa. Anayenunua kwa biashara yake ndiye mwenye kuihitaji, kwa maana tangu tarehe 1 Januari 2024 gharama isiyokuwa na ankara ya eTIMS haikubaliwi katika hesabu ya kodi ya mapato, isipokuwa zile chache zilizosamehewa. Wafanyabiashara wa chama hiki walishike hilo, na karatasi zao waziweke miaka 5, kama sheria itakavyo.

Bwana Mwenyekiti, nikusanye sasa. Ugomvi mwingi wa ushuru haukutoka kwenye ushuru. Ulitoka kwenye bei iliyosemwa nusu. Mtu aliyeambiwa 50,000 mlangoni na 58,000 kwenye kaunta atajiona ameibiwa hata kama hesabu ni ya haki, kwa sababu kichwani mwake alikwisha kugawa fedha zake. Mama aliyekuja na noti moja akakuta bei imeongezeka hawezi kurudisha kitu rafuni mbele za watu bila kuaibika. Katiba, katika kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata habari zimpasazo ili afaidike na anachonunua. Habari ya kwanza kabisa ni bei nzima.

Kwa hiyo Halmashauri inaleta mbele yenu mapendekezo matatu, myakubali au myakatae.

La kwanza, wanachama wote wenye maduka na vibanda wataje na kuandika bei moja tu, bei ya kulipa, ushuru ukiwa ndani kama upo. Neno "bila VAT" lisisikike kwa mwanachama wetu yeyote anapomwuzia mtu wa nyumbani.

La pili, hakuna fedha ya chama itakayolipwa kwa muuzaji wa vifaa bila risiti kamili, hata kama bei ya pembeni ni ndogo. Na kila risiti isomwe kwa sauti katika mkutano unaofuata, na ibandikwe ukutani siku 14, ili anayetaka kuuliza aulize uso kwa uso, asiulize njiani.

La tatu, malalamiko yapelekwe mlango wake. Hesabu ya risiti isipoeleweka, ulizeni dukani kwa upole, au nileteeni mimi. Bei ikisemwa kwa hila, iko Mamlaka ya Ushindani ya Kenya inayopokea malalamiko ya wanunuzi. Ushuru ukitozwa na asiyestahili, au risiti ikikataliwa, habari ipelekwe KRA. Na ushuru wenyewe ukiwa mzito, basi Katibu aandike kwa kamati ya Bunge kabla mswada haujapita, nasi sote tutie sahihi.

Mwisho, nina ombi moja ambalo si la hesabu. Yule mzee aliyekwenda kununua mabati amekuja leo. Ameketi pamoja na wazee wenzake. Wale waliosema neno lile walikuwa na haki ya kuuliza, kwa kuwa fedha ni zao. Lakini sasa wamekwisha kujibiwa. Basi kabla hatujaondoka, na wamwendee wampe mkono.

Risiti iko mezani.